Wimbo Una Mwenyewe

Wapo miongoni mwetu watu wema, tena wasomi, wasemao kwamba muziki wa dansi si utamaduni. Utamaduni, kwa maoni yao, ni ngoma ya jando, ni utenzi, ni mkeka na mtungi. Likitajwa gitaa la umeme hukunja uso kana kwamba wametajiwa maradhi. Wapo na wengine, ambao hoja yao ni laini zaidi na kwa hiyo ina madhara zaidi, wasemao kwamba wimbo ukishapendwa huwa mali ya watu wote, na kumtafuta mtunzi wake ni uchoyo. Katika insha hii tunakusudia kuyapinga makundi yote mawili. Shahidi wetu ni bendi moja ya Nairobi ya miaka ya sitini, ambayo wasomaji wengi wa kitabu hiki hawajapata kulisikia jina lake, ijapokuwa wimbo wake mmoja wanaujua kwa ghibu. Bendi hiyo ni Equator Sound Band.

Mwalimu anayeyasoma haya na afanye jaribio dogo darasani. Aulize ni nani asiyeujua wimbo wa "Malaika"; hatauona mkono hata mmoja. Kisha aulize ni nani aliyeuimba. Atatajiwa Miriam Makeba, na jibu hilo si la uongo, kwani Makeba aliuimba katika santuri aliyoitoa pamoja na Harry Belafonte mwaka 1965, ile iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Mtoto wa wazazi waliopenda disko atawataja Boney M, walioutoa 1981. Pengine mmoja atamtaja Angélique Kidjo wa Benin, aliyeuimba 1991. Fadhili William atatajwa na wachache. Jina la bendi aliyoiongoza, twaweka dau, halitatajwa na yeyote.

Haikutokea hivyo kwa bahati mbaya. Ili tuelewe ilivyotokea, yafaa tuirudie Nairobi ya wakati ule.

Mwanzoni mwa miaka ya sitini Nairobi ndiyo iliyokuwa karakana ya santuri ya Afrika Mashariki. Tanganyika ilikuwa na bendi nyingi na nzuri, lakini haikuwa na kiwanda cha kufyatulia santuri. Mwanamuziki wa Dar es Salaam, Tanga au Morogoro aliyetaka sauti yake ichongwe katika sahani alipanda basi kwenda Nairobi au Mombasa. Miongoni mwa makampuni ya Nairobi ilikuwamo East African Records, ambayo santuri zake zilitoka kwa nembo ya Jambo. Fadhili William, kijana wa Kitaita aliyezaliwa 1938, alikuwa akipiga gitaa na kuimba huko pamoja na wenzake, na kundi lao likaitwa Jambo Boys. Kampuni ilipoingia mikononi mwa Charles Worrod na kuitwa Equator Sound Studios, wapigaji nao wakageuka jina wakawa Equator Sound Band. "Malaika," ambao Fadhili aliurekodi mara ya kwanza akiwa na Jambo Boys, ulirekodiwa upya 1963 kwa nembo ya Equator, na safari hiyo kibandiko cha santuri kikawataja wapigaji kwa jina la Black Shadows.

Msomaji asiyapite majina hayo kwa haraka. Majina matatu ndani ya miaka michache, na mawili kati ya hayo si majina ya watu wala ya mahali pao wala ya mtindo wao: ni nembo ya duka. Ng'ombe akiuzwa hupigwa chapa ya bwana mpya. Wapigaji hawa nao walibadilishiwa chapa. Linganisha na bendi za kwetu za zama zile. Western Jazz, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya hamsini na Iddi Nhende, ilibeba jina la jimbo alikotoka mwanzilishi wake, Jimbo la Magharibi. Morogoro Jazz, Dar es Salaam Jazz, Kilwa Jazz: kila jina linakuambia ni watu wa wapi. Equator Sound lakuambia ni mali ya nani.

Bendi ya studio haikuwa bendi ya ukumbini, na wasomaji vijana waliozoea kuona mwimbaji mmoja na kompyuta yake hawana budi kuelezwa tofauti hiyo. Studio ndiyo iliyokuwa na magitaa, vikuza sauti, ngoma na mitambo ya kunasia. Wapigaji walikuwako kama mafundi waliomo kiwandani. Akija mwimbaji na wimbo wake, walimsikiliza, wakamtafutia mwendo, wakampigia. Leo mwimbaji ni Fadhili, kesho ni mwenzake aliyekuwa akimpigia Fadhili jana. Wimbo ulipaswa kumalizika kwa muda wa dakika tatu hivi, kwa sababu upande mmoja wa santuri ndogo hauchukui zaidi ya hapo kwa raha. Ndiyo maana nyimbo zao hazina utangulizi mrefu wala maringo. Gitaa linabisha hodi, sauti mbili zinaingia pamoja, kisa kinasemwa, gitaa linajibu, basi. Kwa mtunzi wa mashairi ufupi huo ni jambo la kuonea wivu.

Na waliokuwamo humo ni nani? Daudi Kabaka, aliyezaliwa Uganda mwaka 1939 kwa wazazi waliotoka Kenya, na ambaye kwa maoni yetu ndiye aliyekuwa mwimbaji bora wa bendi yote, kumpita hata Fadhili. Nashil Pichen na Peter Tsotsi, waliotoka Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo mwaka 1964 ilikuwa Zambia huru. Gabriel Omolo, Mjaluo, ambaye baadaye "Lunch Time" yake ilivuma mno, akatunukiwa santuri ya dhahabu 1974. Mtaita, Mluhya wa kuzaliwa ng'ambo ya mpaka, Wazambia wawili, Mjaluo: hakuna hata mmoja kati ya hao aliyenyonya Kiswahili katika ziwa la mama yake, na nyimbo zao zilizovuma kuliko zote ni za Kiswahili. Hawakutumwa na wizara. Waliimba Kiswahili kwa sababu santuri ya Kiswahili iliuzika Kisumu, Kampala, Mwanza na Mombasa vilevile, na mwenye duka alilijua hilo. Sababu ilikuwa ya biashara. Matokeo yake yalikuwa ya lugha. Sisi tulioajiriwa na kulipwa mshahara ili kukuza Kiswahili tungefanya vyema kukiri kwamba vijana hawa wa gitaa walikifikisha mahali ambapo miswada na semina hazikufika.

Hapo twawarudia wale wa kundi la kwanza, wakunja uso. Watatuambia: muziki wenyewe ulikuwa wa kuiga. Kabaka na wenzake waliita mtindo wao tuisti ya Kiafrika, na tuisti ni dansi ya Marekani, aliyoieneza Chubby Checker kwa santuri yake ya 1960. Hayo ni kweli. Lakini asikilizaye kwa masikio yake, asiyesikiliza kwa jina tu, atagundua kwamba kilichoigwa ni neno na kidogo cha mwendo. Gitaa ni kavu, linadonolewa nyuzi moja moja. Chini yake kuna mwendo wa kuruka ulio jamaa wa kwela ya kusini mwa Afrika. Na juu yake kuna sauti mbili zinazokwenda sambamba kama watu wawili wanaotembea njia moja wakizungumza. Mmarekani wa 1962 angeletewa sahani hiyo asingeitambua kuwa ni yake.

Isitoshe, tukianza kukataa kila kilichotoka nje tutabaki na nini? Taarabu tunayojivunia ilikuja na fidla na kanuni za Misri. Siti binti Saad, ambaye hakuna mkunja uso atakayethubutu kumtoa katika utamaduni wetu, alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri kwa mitambo ya kampuni ya Kiingereza. Beni ilichezwa kwa tarumbeta na mavazi ya askari. Huulizwi chombo kimetoka wapi. Huulizwa kimesema nini, na kwa lugha gani, na kimemsema nani. "Malaika" yenyewe, ambayo wageni wanadhani ni bembelezi ya watoto, ni malalamiko ya kijana aliyeshindwa kuoa kwa kukosa mali. Hilo ni suala la mahari, suala la uchumi wa nyumba zetu. Ng'ambo limefunikwa na utamu wa sauti. Hapa kwetu kila bwana harusi mtarajiwa hulisikia mfukoni. "Msichana wa Elimu" wa Kabaka unataja kwa jina lake lenyewe fadhaa ya kizazi kizima kilichoanza kuwaona mabinti wakitoka shuleni. Hatusemi kwamba kila santuri ya Equator ilikuwa lulu. Nyingine zilikuwa za kuchezea miguu tu, na zilizeeka pamoja na viatu vilivyozichezea. Lakini hata utenzi si kila ubeti una maana.

Sasa tuje kwenye fedha, maana ndiko kwenye mzizi.

Mwaka 1968 kundi la Kiingereza liitwalo The Tremeloes lilitoa wimbo wa Kabaka, "Helule Helule," nao ukapanda hadi nafasi ya 14 katika orodha ya santuri zilizouzwa sana Uingereza. Tafakari jambo hilo. Wimbo uliopikwa katika studio ya Nairobi na vijana wasiojulikana hata Arusha, unachezwa katika kumbi za London. Tuwe waadilifu: bila ya kampuni, vyombo vyake na barua zake za kibiashara, huenda wimbo usingefika huko. Mwenye studio hakuwa shetani, na hatuna haja ya kumchora na pembe. Lakini swali la hakimiliki halihusu wema wa mtu. Linahusu kinachoandikwa na anayetia sahihi. Mwanamuziki akilipwa kwa kikao, fedha zake zimekwisha siku ileile ya kikao. Santuri ikiuzwa elfu au milioni, yeye yuko palepale. Akilipwa mrabaha, kila sahani inayouzwa inamkumbuka. Tofauti ya njia hizo mbili ni tofauti ya kibarua na mkulima mwenye shamba lake, na vijana wengi waliokuwa wakiingia studio wakati ule walikuwa na hamu ya kusikia sauti zao redioni kuliko hamu ya kusoma mkataba wa Kiingereza. Suala la mirabaha ndilo lililomtoa Kabaka Equator mwaka 1972. Akaondoka, akaenda kupiga na African Eagles. Mtunzi wa wimbo uliochezwa London alipaswa kuanza upya kama mwanagenzi.

Sheria zilikuwapo? Zilikuwapo. Kenya ilitunga Sheria ya Hakimiliki mwaka 1966, na Tanzania mwaka huohuo. Lakini sheria isiyo na chombo cha kukusanya na kugawa ni sawa na mtego usio na kamba. Chama cha hakimiliki ya muziki cha Kenya, MCSK, kilianzishwa 1983, miaka 20 kamili baada ya "Malaika" ya Equator. Tanzania ilitunga sheria mpya 1999, ndipo ikaundwa COSOTA. Kwa wapigaji wa miaka ya sitini mwavuli uliletwa mvua ikiwa imekwisha anuka. Fadhili William alifariki Februari 2001. Kabaka akamfuata Novemba ya mwaka uleule.

Hatuandiki haya ili Mtanzania ajipigie kifua mbele ya jirani. Nchi yetu ilichagua njia nyingine: mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda NUTA Jazz, na wapigaji wakawa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi, wagonjwa wakitibiwa, wakongwe wakikumbukwa. Njia hiyo ilikuwa na heshima ambayo studio ya Nairobi haikuwa nayo, na bendi hiyo iliishi, ikabadili jina kila chama kilipobadili jina, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma. Lakini tazama tena: jina la bendi ni jina la mwajiri! Mshahara hutunza tumbo la mpigaji akiwa kazini. Hautunzi wimbo baada yake. Nyimbo za bendi zetu zilizonaswa na Radio Tanzania zilisikika nchi nzima kwa miongo kadhaa, na mshahara hauendi kaburini kuulizia.

Turudi sasa kwa kundi la pili, wale wenye hoja laini. Watu hawa husema kwamba katika jadi ya Mwafrika wimbo hauna mwenyewe, kwamba hakimiliki ni fikra ya Kizungu. Tumeyasikia hayo katika makongamano, tena yakipigiwa makofi. Sisi tunaotunga mashairi tunaushangaa usemi huo. Fungua gazeti lolote la Kiswahili lenye ukurasa wa mashairi, usome beti za mwisho: mtunzi hutaja jina lake na mji wake ndani ya kaditama, na hulitia katika vina na mizani ili asiyependa kulitaja ashindwe kuliondoa bila ya kulibomoa shairi. Hiyo ni hakimiliki ya kale, isiyohitaji mahakama. Nenda Usukumani. Makundi makuu mawili ya wacheza ngoma, Bagika na Bagalu, yanahusishwa na manju wawili wa karne ya kumi na tisa, Ngika na Gumha. Zaidi ya miaka mia imepita na majina hayo yangali yanapiganiwa uwanjani kila msimu wa mavuno. Nani basi aliyetufundisha kwamba nyimbo za Kiafrika hazina wenyewe? Neno hilo limetoka kwa wachapishaji wa santuri wa nje, ambao wimbo ukishaitwa wa jadi hauwadai kitu. Walilitunga kwa faida yao, nasi twalikariri bure, tena kwa fahari.

Kwa sababu hiyohiyo hatulipendi neno "zilipendwa," ambalo watangazaji hulitumia kwa nyimbo zote za wakati ule. Mwanafunzi wa sarufi auchunguze mnyambuliko wake. Ni wakati uliopita, tena ni kauli ya kutendwa. Zilipendwa, na nani hakutajwa, na sasa je? Neno moja limeondoa mtunzi na limeondoa uhai. Utenzi wa Al-Inkishafi una umri wa karne mbili, na hakuna mwalimu auitao shairi lililopendwa.

Najua hoja itakayoletwa, nayo ni nzito: wenyewe kwa wenyewe hawakubaliani. "Malaika" ina wadai zaidi ya mmoja. Adam Salim, Mtanzania, alisema kwamba ndiye aliyeutunga mwaka 1945, muda mrefu kabla ya Fadhili kushika gitaa. Grant Charo wa Kenya naye alitajwa miongoni mwa wadai. Basi, watasema wenye hoja laini, kama wadai ni watatu si bora wimbo uwe wa wote? Hapana. Shamba likigombewa na ndugu watatu halimwi na mpita njia. Ugomvi huo unathibitisha kwamba wimbo una mwenyewe, na kwamba wenyewe waliujali kiasi cha kuupigania hadi uzeeni. Kinachotakiwa ni kuandika madai yote, kwa majina na kwa miaka, mahali ambapo mtoto wa shule anaweza kuyasoma na kuyapima. Hapo Mtanzania asiwe na haraka ya kumpa Salim kwa sababu ni wa kwetu, wala Mkenya asimpe Fadhili kwa sababu hiyohiyo. Lililo wazi ni kwamba aliyeutia wimbo katika santuri ukajulikana ni Fadhili William, na kwamba hakuwa peke yake chumbani.

Ndipo twawageukia walimu, maana wao wana uwezo ambao sisi wa maofisini hatunao. Kila mwaka shule zetu hufanya mahafali, na kila mwaka kwaya huimba "Malaika" mbele ya wazazi na mgeni rasmi. Katika ratiba iliyopigwa chapa hotuba zote zina majina ya wasemaji, hata dua ina jina la mwombaji. Mbele ya wimbo pameandikwa "wimbo wa asili," au hapana kitu. Mstari huo hauna gharama. Uandikwe hivi: "Malaika," umerekodiwa na Fadhili William na Jambo Boys, Nairobi, ukarekodiwa tena 1963, utunzi wake unadaiwa pia na Adam Salim. Na iwapo kwaya itataka kuuacha mwaka mmoja ipumzike, kwani hata malaika huchoka, ijifunze "Helule Helule" na kuandika mbele yake: Daudi Kabaka.